KUTENGENEZA DISKI: HISTORIA YA NENO MOJA NA HATARI YAKE

1. Utangulizi

Makala haya yana shabaha ya kuchunguza kitenzi kimoja cha Kiswahili, nacho ni kutengeneza, kama kinavyotumika katika maelekezo ya kushughulikia diski za nje za kompyuta zinazoendeshwa kwa mifumo ya jamii ya Unix, kama vile Linux. Kitenzi hiki kinajulikana na kila mtu, na pengine ndiyo sababu wafasiri hawakukishuku. Hata hivyo, kina maana mbili ambazo katika kazi hiyo hupingana kabisa: moja huokoa kumbukumbu, na nyingine huziangamiza.

Chanzo cha uchunguzi huu ni tukio dogo. Nilikuwa likizoni Mtanda, mjini Lindi, mjukuu wa mwalimu mmoja mstaafu alipotumwa kuja kuniita. Mwalimu huyo alikuwa ametumia miaka kadhaa kurekodi masimulizi ya wazee wa pwani, kuanzia Kilwa Kivinje hadi Lindi yenyewe: mafundi wa kuunda vyombo, manahodha na mabaharia. Masimulizi yote yalikuwa katika diski moja ya nje. Siku moja umeme ulikatika wakati faili zinahamishwa, na tangu hapo diski haikufunguka.

Mwalimu alikuwa na karatasi ya maelekezo ambayo mtu fulani alikuwa ameifasiri kwa Kiswahili kwa nia njema. Hatua yake ya tano ilisema: "Tengeneza mfumo wa faili wa diski." Chini yake iliandikwa amri inayoanza kwa herufi mkfs. Mwalimu aliichapa amri hiyo kama ilivyoandikwa. Kwa bahati, kompyuta iligundua kwamba diski ilikuwa na mfumo wa faili tayari, ikauliza kama iendelee. Baada ya kunipokea shikamoo yangu, Mwalimu alinionyesha kioo cha kompyuta akasema, "Mwanangu, nimeiambia itengeneze, nayo inaniomba ruhusa. Fundi gani huomba ruhusa ya kutengeneza kitu alicholetewa kibovu?"

Swali hilo liliyaokoa masimulizi. Amri ya mkfs haikarabati kitu. Huunda mfumo mpya wa faili mahali pa ule wa zamani, na yaliyokuwamo hayaonekani tena. Laiti Mwalimu angejibu ndiyo, sauti za wazee wale, ambao baadhi yao wamekwisha kufariki, zingepotea kwa sababu ya neno moja la Kiswahili.

2. Kumbukumbu za Kilwa na somo la nakala

Si ajabu kwamba suala hili limetokea katika pwani hii. Historia ya Kilwa yenyewe ni historia ya kumbukumbu zilizonusurika kwa shida. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akauona mji huo katika ustawi wake. Mwaka 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliushambulia na kuupora. Yale tunayoyajua juu ya masultani wa Kilwa kutokana na maandishi ya wenyeji yanategemea kwa kiasi kikubwa tarikh moja ya Kiarabu, ambayo asili yake inahesabiwa kuwa ni ya mwanzo wa karne ya 16.

Tarikh hiyo imetufikia kwa njia ya nakala moja tu, iliyoandikwa Unguja mwaka 1877, na ambayo sasa imehifadhiwa katika Maktaba ya Uingereza mjini London. Matini yake yalichapishwa mwaka 1895. Simulizi nyingine ya nasaba ya masultani hao imo katika kitabu cha Mreno João de Barros kilichotoka mwaka 1552. Simulizi hizo mbili hazilingani katika majina yote wala katika miaka ya utawala, na wanahistoria wamelazimika kuzipima moja kwa nyingine.

Somo lake kwa mtumishi wa ofisi wa leo ni dhahiri. Kumbukumbu hubaki kwa sababu kuna mtu aliyeinakili kabla ya asili kupotea. Kama mwandishi wa mwaka 1877 angepewa agizo la "kutengeneza" kitabu kilicholiwa na mchwa, angeuliza kwanza kama anatakiwa kushona kurasa zilizopo au kufunga kitabu kipya chenye kurasa tupu. Maelekezo yetu ya kompyuta hayamwachii msomaji nafasi ya kuuliza swali hilo.

3. Kompyuta na istilahi zake nchini Tanzania

Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na katika miaka ya 1970 lilishughulika zaidi na istilahi za utawala, sheria, shule na biashara, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyohitajika kila siku maofisini. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Kwa hiyo, katika miaka ambayo wataalamu wa nchi nyingine walikuwa wakizoea maneno ya kazi hiyo hatua kwa hatua, wananchi wengi wa Tanzania hawakuwa na haja ya maneno hayo hata kidogo.

Mashine hizo zilipoanza kuingia kwa wingi baadaye, maneno yalikuja kwa pamoja kama mafuriko. Kifaa chenyewe kilipewa majina zaidi ya moja. Kompyuta ndilo lililozoeleka Tanzania, tarakilishi likapata nguvu hasa Kenya, na ngamizi likapendekezwa bila kuenea sana. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi kwa lugha ya Kiswahili. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Maneno kama faili, nakili, bandika na hifadhi yalionekana kwenye kioo cha kompyuta, na mwananchi akaona kwamba lugha yake inaweza kuendesha mashine.

Lakini programu za kuandikia barua ni sehemu ya juu tu. Chini yake kuna mfumo wenyewe, na humo ndimo zilimo amri za kushughulikia diski. Istilahi za huko hazijashughulikiwa kwa utaratibu uleule. Kila mfasiri hujitungia zake, na karatasi ya Mwalimu ni mfano mmojawapo.

4. Diski, Unix na vitenzi vyake

Ili kuelewa vitenzi hivi, hapana budi turudi kwenye kazi ya mikono iliyovizaa. Kompyuta ya kwanza kuuzwa ikiwa na diski ilitolewa na IBM mwaka 1956. Diski yake ilikuwa kabati zima, lenye uzito wa karibu tani moja, na iliweza kuhifadhi herufi milioni 5 hivi. Baadaye zilikuja diski za kutoa na kurudisha. Mhudumu alibeba rundo la diski kwa mikono yake, akalipandisha juu ya mashine na kulikaza. Hapo ndipo Kiingereza kilipopata kitenzi ambacho leo ni jina la amri ya mount.

Mfumo wa Unix ulianza kutungwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani. Katika mfumo huo saraka zote ni matawi ya mti mmoja, hata kama diski ni nyingi. Diski mpya haionekani kwa mtumiaji mpaka yaliyomo yaunganishwe na tawi mojawapo la mti huo. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alianza kuandika Linux, ambayo ilifuata desturi hizo. Diski ya nje ya leo huingia mfukoni na huchomekwa kwa waya mmoja tu. Hata hivyo, hatua mbili za zamani bado zipo: kwanza kifaa kiungane na mashine, kisha yaliyomo yaunganishwe na mti wa saraka.

Amri mbili nyingine zinatuhusu. Ya kwanza ni mkfs, ambayo huunda mfumo mpya wa faili. Ya pili ni fsck, iliyoenea kuanzia mwisho wa miaka ya 1970, ambayo hukagua mfumo wa faili uliopo na kurekebisha kasoro zake. Katika Kiingereza majina hayo yametokana na vitenzi viwili tofauti kabisa, kimoja cha kuunda na kimoja cha kukagua. Katika maelekezo ya Kiswahili niliyoyaona, amri zote mbili zimeelezwa kwa maneno yaleyale: kutengeneza mfumo wa faili.

5. Maana mbili za kutengeneza

Tukilichunguza neno lenyewe, tutaona kwamba lina asili ya tengenea, yaani kuwa sawa au kuwa katika hali njema. Kutengeneza, basi, ni kufanya kitu kiwe sawa. Tukisema "fundi anatengeneza baiskeli", kila mtu huelewa kwamba baiskeli ilikuwapo, ikaharibika, na sasa inarudishwa katika hali yake. Tukisema "mama anatengeneza chai", chai haikuwapo. Maana ya kuunda imepanuka kutoka maana ya kuweka sawa, na zote mbili ni za Kiswahili fasaha.

Katika maisha ya kila siku maana hizi hazigongani, kwa sababu muktadha huamua. Hakuna atakayempa fundi saa yake akidhani atarudishiwa saa nyingine mpya. Lakini mtu aliye mbele ya diski iliyoharibika ana muktadha mmoja tu akilini: kitu kibovu kinachohitaji kurudishwa katika hali njema. Kwake, kutengeneza ni kukarabati. Hivyo, mfasiri aliyeandika kutengeneza kwa ajili ya mkfs alitumia neno sahihi katika kamusi, bali hatari katika matumizi. Kosa si la msomaji, kwa maana yeye amelielewa neno kwa maana yake ya asili.

Wengine hukwepa tatizo kwa kutohoa, wakasema kufomati. Neno hilo limeenea madukani na maofisini, nami sina ugomvi nalo kama neno la mazungumzo. Ila halimwambii mgeni kinachotokea. Nimewasikia watu wakisema "diski yangu ina virusi, nifomatie halafu unirudishie faili zangu", kana kwamba kufomati ni kuosha tu.

6. Msaada wa mafundi wa vyombo

Nilipokuwa nikitafakari jambo hili, nilirudi kwenye masimulizi yaleyale yaliyonusurika. Wazee wa pwani hawana shida hii hata kidogo, kwa sababu kazi yao ya vyombo imetenganisha vitenzi tangu zamani. Chombo kipya huundwa: fundi hulaza mkuku, husimamisha mataruma, kisha hupigilia mbao. Chombo kikongwe hakiundwi tena. Hukarabatiwa, na nyufa zake huzibwa kwa kalafati. Hakuna fundi atakayekubali kuunda chombo ambacho tayari kimo majini, maana kufanya hivyo ni kukivunja kwanza.

Kwa hiyo ninapendekeza kwamba mkfs ielezwe kwa kuunda mfumo mpya wa faili, na neno mpya lisiachwe kamwe. Kwa fsck kuna vitendo viwili, navyo vipewe maneno mawili: kukagua, pale amri inapotazama tu bila kubadili kitu, na kukarabati, pale inaporekebisha.

Kwa mount, nimewahi kuona kupandisha, kupachika na kuunganisha. Bandika lisingefaa, kwa kuwa limekwisha kutumika kwa kazi ya kunakili maneno na kuyaweka mahali pengine. Kuunganisha nalo huchanganywa na kuchomeka waya. Hapa tena vyombo vinatusaidia. Tanga laweza kuwamo chomboni, limefungwa kwenye foromali yake, na chombo kisiende popote mpaka mabaharia wavute henza na kulitweka. Diski iliyochomekwa bila kuunganishwa na mti wa saraka ni tanga lililomo chomboni bila kutwekwa. Na kama vile tanga linavyotuliwa kabla ya chombo kutia nanga, ndivyo yaliyomo ndani ya diski yanavyopaswa kutuliwa kabla ya waya kuchomolewa. Tukipata kutweka na kutua kwa upande mmoja, na kuchomeka na kuchomoa kwa upande mwingine, tutakuwa na jozi mbili kamili ambazo msomaji hawezi kuzichanganya.

Najua baadhi ya wasomaji watasema kwamba kutweka si neno la watu wa bara. Hoja hiyo ina uzito. Walakini, neno adimu lenye maana moja humlazimisha msomaji aulize, ilhali neno la kawaida lenye maana mbili humruhusu akosee bila kujua.

7. Namna ya kuandika maelekezo

Istilahi peke yake haitoshi kama mpangilio wa hatua ni mbaya. Mfasiri wa maelekezo ya diski ya nje anashauriwa kufuata utaratibu ufuatao.

Kwanza, waya na umeme. Mlango wa USB wa toleo la 2 umewekewa kiwango cha miliampea 500, na wa toleo la 3 miliampea 900. Diski nyingine huhitaji zaidi zinapoanza kuzunguka, hivyo huonekana mbovu kumbe zina njaa ya umeme. Jaribu waya mwingine na mlango mwingine kabla ya lolote.

Pili, kusoma kabla ya kutenda. Amri ya lsblk huorodhesha diski ambazo mfumo umezitambua, na amri ya dmesg huonyesha taarifa za kiini cha mfumo. Kama diski haimo katika orodha, kasoro huenda iko katika waya, umeme, kasha la diski au diski yenyewe, na hakuna amri ya kukarabati mfumo wa faili itakayosaidia. Kama imo lakini haijatwekwa, jaribu kuitweka kwa kusoma tu, bila kuruhusu kuandika.

Tatu, kunakili. Taarifa zikionyesha makosa ya kusoma, diski yenyewe inachakaa. Isikarabatiwe. Inakiliwe nzima kwenye diski nyingine yenye nafasi ya kutosha, kwa programu kama ddrescue, ambayo huchukua kwanza sehemu zinazosomeka vizuri na kurudia zile ngumu baadaye.

Nne, kukagua na kukarabati. Kazi hii ifanywe kwenye nakala, nayo iwe haijatwekwa. Kukarabati mfumo wa faili uliotwekwa ni sawa na kuziba kalafati chombo kikiwa kinakwenda kwa tanga.

Tano, na mwisho kabisa, kuunda mfumo mpya. Hatua hii isiandikwe katika ukurasa mmoja na zile nne. Iwe na onyo lake, lisemalo wazi kwamba yote yaliyomo yatapotea.

8. Hitimisho

Msomaji bila shaka angependa kujua yaliyoipata diski ya Mwalimu. Tulijibu hapana kwa kompyuta, kisha tukafuata hatua hizo. Diski ilikuwamo katika orodha, lakini taarifa zilionyesha makosa ya kusoma. Tuliazima diski nyingine, tukaacha kazi ya kunakili iendelee usiku kucha tukiomba umeme usikatike. Asubuhi tuliikarabati nakala. Masimulizi mengi yalirudi yakiwa na majina yake. Mengine yaliwekwa katika saraka iitwayo lost+found, ambamo mfumo huweka faili zilizopotelewa na majina, kila moja ikiwa na namba tu. Machache hayakufunguka tena.

Kwa siku mbili Mwalimu alikaa barazani akisikiliza zile zenye namba, moja baada ya nyingine. Sauti ikianza tu, humtambua msemaji, hutaja jina lake na mji wake, nami huandika. Mmoja wao alikuwa akieleza, kwa utaratibu na bila haraka, tofauti kati ya kuunda na kukarabati. Mapendekezo ya sehemu ya sita yametoka hapo.

Ninayatoa mapendekezo hayo mbele ya wafasiri, walimu na watumishi wenzangu ili yajadiliwe, yasahihishwe, na ikiwezekana yafikishwe mbele ya kamati ya istilahi. Wakati mjadala unaendelea, ninaomba jambo moja dogo. Kila mwenye karatasi ya maelekezo ya diski ofisini au shuleni kwake aichukue leo, atafute neno kutengeneza, na ajiulize kama msomaji atalielewa kama chai au kama baiskeli. Asipokuwa na hakika, alifute na kuandika neno jingine.